Injini Ipi kwa Safari Ipi: Namna ya Kuchagua Pikipiki kwa Kutazama Muundo wa Injini Yake

Anayenunua pikipiki kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: ina CC ngapi (yaani ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo), na inakimbia kiasi gani. Majibu ya maswali hayo hayamwambii kama chombo hicho kitapanda kutoka Mombo hadi Lushoto na mifuko miwili ya saruji bila kulilia gia ya kwanza katika kila kona, wala kama kitamfikisha Mbeya kutoka Dar es Salaam bila mikono kufa ganzi. Pikipiki mbili zenye ujazo unaokaribiana zinaweza kuwa na tabia zinazopingana kabisa, na tofauti hiyo hutoka katika mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyasoma mwenyewe kwenye karatasi ya vipimo na kuyathibitisha kwa nusu saa ya kuendesha. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya hivyo.

Kabla ya kwenda dukani, andika safari zako za wiki moja kama zilivyo, na usiziandike kama unavyotamani ziwe. Weka uzito unaobeba, kasi unayokaa nayo muda mrefu, aina ya barabara, ukali wa milima, na umbali kati ya nyumbani kwako na fundi wa kwanza mwenye spea. Dereva wa bodaboda wa Kariakoo atakuta kwamba hutumia siku nzima kati ya kilomita 15 na 45 kwa saa, akisimama na kuondoka kila baada ya dakika chache akiwa na abiria mgongoni. Bwana shamba anayezungukia wakulima wake kwenye njia za udongo atakuta kwamba gia yake kuu ni ya pili, na kwamba adui yake ni tope. Msafiri wa barabara kuu atakuta saa nyingi mfululizo za kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Hawa watatu wanahitaji injini tatu tofauti, na makosa mengi ya ununuzi niliyoyaona yalitokea pale mmoja wao alipovutiwa na injini iliyomfaa mwenzake.

Kusoma karatasi ya vipimo

Ukishapata karatasi hiyo, tafuta kipenyo cha silinda (tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka), urefu wa mwendo wa pistoni hiyo, mizunguko ya injini kwa dakika ambapo torki hufika kileleni, na mizunguko ambapo nguvu farasi hufika kileleni. Torki ni nguvu ya kusokota, nayo hupimwa kwa nyutonimita. Ndiyo unayoisikia mgongoni unapoondoka kwenye taa au unapoingia mlimani. Nguvu farasi ni torki hiyohiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Ukichukua torki kwa nyutonimita, ukaizidisha kwa mizunguko kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 7,120, utapata nguvu farasi zinazotolewa katika mzunguko huo. Hesabu hii ndogo inafaa kuijua, kwa sababu wauzaji hutaja namba ya kileleni tu, ilhali wewe utaishi chini ya kilele hicho karibu siku zote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa pikipiki mbili za silinda moja. Royal Enfield Himalayan ya awali ina CC 411, kipenyo cha milimita 78 na mwendo wa pistoni wa milimita 86. KTM 390 Duke yenye CC 373 ina kipenyo cha milimita 89 na mwendo wa milimita 60 tu. Himalayan hutoa nyutonimita 32 kwenye mizunguko 4,000 hadi 4,500, na nguvu farasi zake 24 hivi hufika kileleni kwenye mizunguko 6,500. Duke hutoa nyutonimita 37 karibu na mizunguko 7,000, na nguvu farasi zipatazo 43 karibu na mizunguko 9,000. Piga ile hesabu kwa Himalayan kwenye mizunguko 4,250, utapata nguvu farasi 19, maana yake karibu nne ya tano ya uwezo wake wote umekwisha kuwa mkononi mwako kabla injini haijaanza kulia. Pale Himalayan inapomaliza kazi yake, Duke ndiyo kwanza inaamka.

Sababu ya tofauti hiyo inafaa kueleweka vizuri, kwa kuwa watu wengi huielezea vibaya. Husemwa kwamba mwendo mrefu wa pistoni ndio unaozaa torki. Kwa kweli mwendo mrefu huweka kwanza mpaka wa kasi. Pistoni ya Himalayan hupita milimita 86 kwenda na 86 kurudi katika kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,500 husafiri kwa wastani wa mita 18.6 kwa sekunde. Pistoni ya Duke, yenye njia fupi, husafiri mita 18 kwa sekunde kwenye mizunguko 9,000. Chuma cha injini zote mbili kinavumilia karibu mwendo uleule. Tofauti ni kwamba moja hufika hapo mapema. Mhandisi anayejua kwamba injini yake haitapita mizunguko 6,500 huchagua valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) na kemshafti (mhimili unaoifungua milango hiyo) zinazojaza silinda vizuri katika mizunguko ya chini, na huko ndiko torki ya mlimani inakotoka. Mwenzake mwenye nafasi ya kufika 9,000 huweka valvu kubwa zinazopumua vizuri juu, naye hulipia kwa uvivu wa injini huko chini.

Basi, kwa anayepanda milima na mzigo, au anayepita matope ambako gurudumu likizunguka kwa ghafla huteleza, tafuta injini ambayo torki yake hufika kileleni mapema, na ambayo mwendo wa pistoni unalingana na kipenyo au kukizidi. Kwa anayependa kona za lami na kubadili gia mara kwa mara, muundo wa kipenyo kikubwa utamridhisha zaidi. Bajaj Boxer BM150, ambayo imejaa barabarani kwetu, ina kipenyo cha milimita 56 na mwendo wa milimita 58.8. Torki yake hufika kileleni karibu na mizunguko 5,000 na nguvu farasi 12 karibu na 7,500, ambapo pistoni husafiri chini ya mita 15 kwa sekunde. Hiyo ni injini isiyokamuliwa, na sehemu kubwa ya sifa yake ya kuvumilia kazi za kutwa inaelezwa na namba hizo.

Silinda moja

Injini ya silinda moja yenye mapigo manne (pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa kila mlipuko) hulipua mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine kuna kipindi kirefu ambapo hakuna kinachosukuma ila uzito wa flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki. Flaiwili ikiwa nzito, injini haizimi kirahisi unapotambaa kwenye mawe au unapoachia klachi ukiwa na mzigo. Ikiwa nyepesi, injini hupandisha mizunguko haraka lakini huzima ukizubaa. Jambo hili haliandikwi kwenye karatasi ya vipimo, kwa hiyo lipime mwenyewe: ukiwa gia ya kwanza mahali tambarare, achia mafuta kabisa na uiache pikipiki itambae. Ikitambaa kwa utulivu kama mtu anayetembea, itakufaa shambani. Ikirukaruka na kutaka kuzima, hiyo ni ya barabarani.

Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, silinda moja inayopozwa kwa upepo ndiyo jibu sahihi, nami nasema hivyo bila kuidharau. Ni nyembamba, nyepesi, ina plagi moja, kabureta moja na valvu mbili. Ikianguka kwenye tope mtu mmoja anaweza kuiinua. Udhaifu wake ni mtetemo, maana pistoni moja inapopanda na kushuka hakuna nyingine ya kuisawazisha. Injini kubwa za aina hii huwekewa shafti ya kusawazisha, lakini katika CC 125 au 150 mtetemo husikika kwenye usukani na vigingi vya miguu pindi unapoishikilia kasi ya juu kwa muda mrefu. Ndiyo maana pikipiki inayofanya kazi vizuri sana Kariakoo humchosha mtu vibaya akiipeleka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, huku akiibana muda wote karibu na mwisho wake.

Ndani ya kundi hili kuna mgawanyiko ambao mnunuzi anapaswa kuuliza, nao ni jinsi valvu zinavyofunguliwa. Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976, iliweka kemshafti chini, karibu na krenki, ikaiendesha kwa gia, na kuzisukuma valvu kwa vifito vyembamba ambavyo gereji nyingi huviita pushirodi. Pikipiki hiyo ilibuniwa kwa kuwafikiria watu ambao huchelewa kubadilisha oili na ambao fundi wao ana spana chache. Haina cheni ya taiming, ile inayoiendesha kemshafti kutoka kwenye krenki, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea wala ya kukatika. Viwanda vya China vilinakili muundo huo kwa miaka mingi, na pikipiki nyingi za Kichina za CC 125 na 150 zilizofika kwetu zina injini za ukoo wa CG. Boxer na wenzake wa Kihindi hufuata njia ya pili: kemshafti imekaa juu, kichwani mwa silinda, na huendeshwa kwa cheni. Valvu zake hufuata mizunguko ya juu kwa uhakika zaidi na injini hupumua vizuri, ila cheni hiyo na kikazio chake huchakaa, na oili chafu huila kemshafti iliyoko juu kabla ya kufika kwingine.

Ushauri wangu ni huu: kama wewe ni mwangalifu wa oili na unaendesha zaidi kwenye lami, chagua yenye kemshafti juu. Kama pikipiki itakabidhiwa kwa vijana watatu wanaopokezana na hakuna atakayejua oili ilibadilishwa lini, pushirodi itakusamehe zaidi. Aina zote mbili hubeba oili ya lita moja hivi, na kiasi hicho ni kidogo sana. Injini ikila robo lita bila wewe kujua, umekwisha kupoteza robo ya kinga yake. Pima kila wiki, kabla ya safari, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Mapigo mawili, na hatari ya mteremko

Injini ya mapigo mawili hulipua katika kila mzunguko, haina valvu za juu, na kwa uzito wake hutoa nguvu nyingi. Wengi wanaikumbuka Yamaha DT125 ya maofisa ugani na miradi ya vijijini, na Yamaha AG100, pikipiki ya CC 97 iliyotengenezwa kwa ajili ya mashamba, yenye vibebeo mbele na nyuma na stendi ya pembeni kila upande. Kuifungua na kuifunga ni kazi ndogo, na kwa mashindano ya mchangani wepesi wake bado unathaminiwa. Lakini hula petroli nyingi, hutoa moshi, na katika zile za michezo nguvu hukaa katika sehemu finyu ya mizunguko: chini ya hapo hakuna kitu, ukifika hapo pikipiki hukurukia mbele. Anayejifunza asianze nazo.

Jambo moja kuhusu aina hii lisisahauliwe na yeyote anayeishi milimani. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini ya mapigo manne huizuia pikipiki, na kwa kushuka kutoka Lushoto na magunia ya viazi, gia ya pili hufanya kazi kubwa kuliko breki. Injini ya mapigo mawili huzuia kidogo sana. Isitoshe, oili inayoilainisha pistoni huingia pamoja na petroli, au huletwa na pampu inayofuata mkono wako wa mafuta, kwa hiyo unapoufunga kabisa huku mteremko ukiizungusha injini kwa kasi, pistoni hukimbia ikiwa na ulainishi haba. Kwenye mteremko mrefu, fungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, na utegemee breki zilizokaguliwa asubuhi hiyo.

Silinda mbili na zaidi

Injini yenye silinda mbili huanza kuwa na maana pale safari zako zinapokuwa ndefu na za kasi. Hapa tazama mpangilio wa krenki. Zamani pistoni mbili zilizosimama bega kwa bega zilipanda pamoja, au moja ikapanda nyingine ikishuka. Siku hizi mpangilio unaopendwa ni wa nyuzi 270 (yaani robo tatu ya mzunguko kati ya pistoni moja na nyingine), kama ule wa Honda Africa Twin iliyotolewa upya kwa CC 998, Yamaha Ténéré 700 yenye CC 689, na Royal Enfield Interceptor yenye CC 648. Katika mpangilio huo pistoni moja inaposimama juu kabla ya kugeuka, nyingine iko karibu na kasi yake kubwa kabisa, hivyo mzunguko wa krenki huwa mtulivu zaidi na mkono wako husikia vizuri zaidi kile gurudumu la nyuma linachofanya. Kwa mtu anayetaka kwenda Kigoma kwa lami na vumbi kwa pamoja, na ambaye ana fedha za kutosha, sijui mpangilio wa injini unaofaa kuliko huo.

Silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V huifanya injini kuwa nyembamba. Ducati huzitanua kwa nyuzi 90, ambapo mtetemo wa msingi hujisawazisha wenyewe. Harley-Davidson, katika injini zake nyingi, huzibana kwa nyuzi 45, na torki kubwa ya mizunguko ya chini huifanya iwe pikipiki ya barabara ndefu zilizonyooka. Kwenye foleni ya mjini silinda ya nyuma, ambayo hupata upepo kidogo, humchoma mwendeshaji mapajani. BMW, tangu R 32 ya mwaka 1923, imezilaza silinda mbili kila moja upande wake. Uzito hukaa chini na upepo huzifikia zote mbili, ila zinatokeza nje, na katika njia finyu ya mawe ndizo zitakazogonga kwanza.

Silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ni ulaini na kasi. Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyozileta kwa wanunuzi wa kawaida. Tazama hata ndogo yake, CB400 Super Four: nguvu farasi 53, lakini zinapatikana karibu na mizunguko 11,000. Katika mizunguko 4,000, ambako utaishi ukiwa mjini, haina maajabu, na kila huduma inahusu plagi nne na valvu kumi na sita. Kama huna lami safi na fundi aliyezoea injini za aina hiyo, iache. Silinda tatu, kama zile za Triumph na Yamaha MT-09, hukaa katikati, na kwa maoni yangu ni za kufurahisha kuliko nne kwa mtu wa lami ya milimani.

Joto na mwinuko

Kupoza kwa upepo kunategemea mwendo. Pikipiki inayopanda polepole na mzigo mkubwa, upepo wa pwani ukivuma kutoka nyuma, haipozwi ipasavyo, na hapo oili nzuri ndiyo inayoiokoa. Kupoza kwa maji hudhibiti joto vizuri zaidi na huruhusu injini ikamuliwe zaidi, lakini huongeza rejeta, pampu na mipira, na jiwe moja linaweza kuitoboa rejeta mbali na mji. Chagua maji ikiwa injini ni kubwa au ya kasi. Kwa CC 150 ya kazi, upepo unatosha.

Mwinuko nao hupunguza nguvu kwa takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini ya nguvu farasi 12 iliyopimwa pwani hubaki na kama 10 mjini Mbeya, na chini ya hapo ukipanda Kitulo, juu ya mita 2,600. Yenye kabureta iliyorekebishwa pwani pia hupata petroli nyingi kuliko hewa, plagi huwa nyeusi na ulaji huongezeka. Mwombe fundi wa hukohuko aweke jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta. Yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta hujirekebisha yenyewe, na kwa anayepanda na kushuka kila wiki, hiyo ni sababu ya kutosha ya kulipa zaidi.

Kuijaribu kabla ya kulipa

Nenda na mtu mwenye uzito unaokaribia mzigo wako wa kawaida. Ipashe injini moto kwanza. Tafuta mlima, uingie ukiwa gia ya tatu kwa kilomita 30 kwa saa, kisha ongeza mafuta taratibu. Injini inayokufaa itavuta bila kugonga ndani na bila kukulazimisha kushusha gia mara moja. Geuka, shuka gia ya pili bila kugusa breki, usikie inavyoizuia pikipiki. Halafu nenda kwenye lami, ishikilie kasi yako ya kawaida ya safari kwa dakika ishirini, usimame na utazame vidole vyako: kama vina ganzi sasa, baada ya saa nne havitashika klachi.

Ikiwa injini inakufaa ila inalemewa kidogo mlimani, usiikatae haraka. Sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) yenye meno mawili au matatu zaidi huongeza mvuto kwenye gurudumu, nawe utapoteza kasi kidogo ya juu na injini itazunguka zaidi kwenye lami. Sproketi haitaigeuza injini ya mizunguko ya juu kuwa ya shamba, lakini huziba pengo dogo kwa gharama ndogo.

Mwisho, kabla ya kutoa fedha, pita kwenye maduka matatu ya spea ya mji unaoishi, siyo ya mji unaonunulia, na uulizie ringi za pistoni, gasketi ya kichwa na, kama injini ina kemshafti juu, cheni ya taiming. Duka likikutolea vyote kutoka rafuni, andika bei na urudi kwa muuzaji. Wakikuambia viagizwe, hesabu siku utakazokaa bila chombo, na uziongeze kwenye bei ya pikipiki.